Rampu ipo, swichi haifikiki: mwongozo kamili wa kupanga nyumba ili mtu wa kiti mwendo afikie kila kitu

Simu ninayopigiwa kila mara ni ileile. Mtu amejenga au amekarabati, kamwaga rampu nzuri mbele ya baraza, mlango kaupanua, mama yake au kaka yake kaingia na kiti mwendo bila kusukumwa na mtu, wote wamefurahi, alafu jioni giza linaingia na mwenye kiti hawezi kuwasha taa. Swichi iko juu, nyuma ya kochi. Bomba la beseni analikosa kwa kiganja kimoja tu. Kitasa cha choo anakiona kabisa ila hakuna pa kuegesha kiti akishike.

Rampu inamwingiza ndani, basi. Akishaingia kuna maswali mawili: mkono wake unafika wapi akiwa amekaa, na kiti kinasimama wapi ili huo mkono ufike. Wengi mnashika la kwanza mnaacha la pili, ndo maana mnarudia kosa lilelile.

Nazungumzia nyumba ya kawaida ya tofali na fundi wa mtaani. Ukianza kabla ya lipu, gharama inayoongezeka ni ndogo sana. Ukisubiri mpaka tailizi zibandikwe utakuwa unatindua ukuta mpya, na hapo fundi atakupiga bei anayotaka yeye.

## Vitu vya kuandaa

- Tepu ya kupimia, mita 5
- Pima maji
- Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama mita 10
- Chaki, penseli ya seremala, na tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi
- Boksi kubwa la friji au la TV, lililokunjuliwa
- Kamba ya mita moja na msumari
- Daftari
- Mwenye kiti mwenyewe, na kiti anachotumia kila siku pamoja na mto wake

Hicho cha mwisho ndo watu wanakiruka. Wanampima mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti cha plastiki wanasema "si sawa tu". Sio sawa, kiti cha plastiki hakina vikanyagio.

## Hatua ya 1: Mpime mtu akiwa kwenye kiti chake

Andika vipimo hivi: kimo cha kalio (kutoka chini mpaka juu ya mto akiwa amekaa), kimo cha magoti, upana wa kiti pamoja na viwiko vyake akiwa anasukuma magurudumu, na urefu kutoka nyuma ya kiti mpaka ncha ya vidole vya miguu. Alafu mkono: anafika juu kiasi gani kwa ubavu, anafika chini kiasi gani kwa ubavu, na anafika wapi akiukabili ukuta uso kwa uso.

Hapo kwenye kuukabili ukuta tulia uangalie vizuri. Vidole vya miguu ndo vinatangulia kugonga, sio magoti wala tumbo, kwahiyo bega linabaki nyuma na sehemu kubwa ya mkono inaishia njiani. Mtu yuleyule akigeuka ubavu anagusa bila shida. Ukiona hilo kwa macho yako, nusu ya mwongozo huu umeshauelewa.

Mwambie anyooshe mkono kwa raha, asishindane. Kipimo unachotaka ni kile anachoweza kukirudia mara kumi kwa siku akiwa amechoka.

Kama humjui atakayekaa, labda unajenga ya kupangisha au ya wageni, tumia namba zilizozoeleka. Viwango vya ADA (sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu) vya mwaka 2010 vinataka vitu vya kushika viwe kati ya sentimita 38 na 122 kutoka sakafuni, yaani inchi 15 mpaka futi 4 kamili. Uingereza kwenye mwongozo wao wa majengo swichi na soketi za ukutani zinakaa kati ya 45 na 120. Mimi nabana zaidi, naweka kati ya 45 na 110, maana wengi ninaowajengea ni wazee na mabega yao yameshachoka.

## Hatua ya 2: Kitengeneze kiti cha boksi

Kata boksi lako liwe sentimita 76 kwa 122. Hiyo ndo nafasi ya chini kabisa ambayo kiti na mtu wake wanachukua wakiwa wamesimama. Kama kipimo chako cha hatua ya 1 ni kikubwa zaidi, fuata chako.

Sasa zunguka nalo nyumba nzima. Kila penye swichi, bomba, kitasa, dirisha, choo, lilaze chini. Likikaa flati bila kupanda ukuta wala kuingia chini ya kitanda, sawa. Likikataa, hicho kifaa hakifikiki hata ukikishusha mpaka usawa wa goti.

Pa kugeuzia kiti panataka duara la sentimita 150. Funga chaki kwenye kamba, pigilia msumari katikati, kamba iwe 75, zungusha. Lazima duara liwepo bafuni, jikoni na chumbani kwake. Korido ya kupita tu inaweza kuwa nyembamba, ila isishuke chini ya 90, na penye mlango wa kukunja kona ndani ya korido weka 120.

Angalizo la kona. Fundi umeme anapenda kusogeza swichi karibu na kona, anaokoa waya. Kiti hakiingii kwenye kona, vikanyagio vinagonga. Kifaa chochote kikae angalau sentimita 40 kutoka kwenye kona ya ndani.

## Hatua ya 3: Piga mstari wa mita moja kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndo nilipochemka mimi mwenyewe, naomba usipite haraka.

Nilimsimamia mjomba wangu bafu lake. Nikamwambia fundi bomba, beseni ukingo wake wa juu uwe sentimita 85. Akapima vizuri kabisa, kwa pima maji, akafunga. Ila alipimia kutoka kwenye zege tupu. Baadaye ikaja sakafu ya saruji, ikaja gundi, zikaja tailizi, sakafu ikapanda sentimita 7. Beseni likabaki 78. Toa kina cha beseni lenyewe, chini pakabaki kama 60, na magoti ya mjomba yako 66. Akaja na kiti, magoti yakagonga, ko! Akaniangalia akasema, "Mjomba, hili umemjengea nani?" Tulilifungua siku ileile, tailizi nne zikavunjika.

Kwahiyo fanya hivi. Muulize fundi sakafu ya mwisho itapanda kiasi gani juu ya zege, saruji pamoja na gundi pamoja na tailizi. Mara nyingi ni 5 mpaka 8, ila usikisie, ashike tailizi yenyewe mkononi akwambie. Tuseme ni 7. Basi pima sentimita 107 kutoka kwenye zege, weka alama. Hiyo alama ndo mita moja kutoka kwenye sakafu atakayoikanyaga mtu.

Jaza maji kwenye ule mpira, toa mapovu yote maana povu moja linakudanganya, shika ncha moja kwenye alama na mwenzako apeleke ncha nyingine kila ukuta. Maji yakitulia, piga alama. Unganisha kwa mstari nyumba nzima.

Utajua umepatia pale utakaporudi ulikoanzia na maji yakakaa palepale kwenye alama ya kwanza. Kuanzia hapo usimruhusu mtu yeyote apime kutoka chini. Kila kimo kiwe "juu ya mstari" au "chini ya mstari".

## Hatua ya 4: Umeme

Swichi zote za taa zikae kwenye mstari wenyewe, mita moja. Fundi hana cha kupima, anaweka kiboksi kwenye mstari anaendelea. Regyuleta ya feni nayo iwe hapohapo pembeni, sio kule juu inakowekwaga. Soketi ziwe sentimita 50 chini ya mstari, yaani nusu mita kutoka sakafuni. Zile za kugusana na sakafu kabisa zinamfanya mtu ainame mpaka aelekee kupinduka.

Kitandani weka swichi ya njia mbili, moja mlangoni moja pembeni ya mto. Bila hiyo kila usiku mtu anazima taa mlangoni alafu anahamia kitandani gizani, na kuhama kutoka kwenye kiti kwenda kitandani ni kazi inayotaka kuona.

Meni swichi usiiweke juu ya mlango. Iwe ukutani, swichi yake ya juu kabisa isizidi 120, na boksi lako lilale chini yake bila kabati wala pipa la maji. Vilevile kama mita yako ya LUKU ina kile kidude cha ndani cha kuingizia namba, kisiwe juu ya friji. Umeme unaisha saa tano usiku, mtu ana namba zake ishirini kwenye simu, anashindwa kuingiza kwasababu ya kidude. Inaudhi.

Swichi chagua zile pana za kubonyeza. Kipimo ni ngumi: funga mkono, bonyeza kwa ngumi. Ikiwaka, hata mwenye vidole vizito ataiweza.

## Hatua ya 5: Milango, grili na madirisha

Mlango ukifunguka, pa kupita pabaki sentimita 82 au zaidi. Sio fremu, nasema pa kupita, maana ukitoa fremu na unene wa mlango wenyewe, mlango wa 80 unabakiza kama 72, na hapo viwiko vinachubuka. Agiza wa 90 mpaka 100.

Kitasa kiwe cha kushusha chini kwa mkono, sio cha duara cha kusokota, na kikae kwenye mstari wa mita moja. Upande wa kitasa, pale mlango unapovutwa kukufuata, acha ukuta wa wazi wa sentimita 45 pembeni. Bila hiyo nafasi mtu anavuta mlango unamgonga magoti, anarudi nyuma, unajifunga. Nimewaona watu wazima wakicheza huo mchezo dakika tatu nzima.

Grili ya mlango ni janga ambalo hatulisemi. Komeo liko juu, kufuli linaning'inia kwa nje, unapitisha mkono kwenye nondo unalitafuta kwa kupapasa. Mtu aliyekaa hawezi, na usiku moto ukiwaka hatoki. Mwambie fundi welda aweke komeo moja kati ya 85 na 105, lifungwe kwa ndani, na achomelee bati dogo nyuma yake mtu wa nje asiingize mkono.

Madirisha ni rahisi: vishikio visizidi 110 na usiweke meza pana chini yake.

## Hatua ya 6: Choo na bafu

Tenga siku nzima kwa ajili ya hapa.

Sakafu kwanza. Tumezoea kujenga kizingiti ili maji yasitoke bafuni. Kiondoe. Vigurudumu vidogo vya mbele vinakwama kwenye kitu cha sentimita mbili tu. Maji yazuiwe na mteremko: sakafu ielekee kwenye tundu la maji kwa sentimita 2 kila mita, isizidi, ukizidisha kiti kinajisukuma chenyewe. Maana yake zege la bafu lishushwe kidogo tangu mwanzo, mwambie fundi kabla hajamwaga. Tailizi ziwe zile zenye mkwaruzo.

Mlango ufunguke kwa nje au wa kuteleza. Mtu akianguka nyuma ya mlango wa kufungukia ndani, kumtoa ni kuvunja.

Choo cha kukaa. Kimo cha kikalio kilingane na kimo cha kalio ulichoandika hatua ya 1, kwa kawaida kati ya 43 na 48. Vyoo vingi vya bei ya kawaida dukani viko kama 40, kwahiyo unakinyanyua juu ya kitako cha zege. Kitako kiwe na umbo la mguu wa choo tu, kisitokeze mbele, la sivyo vikanyagio vinakigonga na kiti hakisogei. Na kumbuka ukinyanyua choo, tundu la kutolea uchafu nalo linapanda, fundi bomba ajue kabla hajalaza bomba.

Katikati ya choo mpaka ukuta wa pembeni pawe 40 mpaka 45. Upande wa pili acha wazi sentimita 90, hapo ndo kiti kinaegeshwa ubavu kwa ubavu na mtu anahama. Muulize anahamia upande gani! Mtu mwenye nguvu mkono wa kulia hahamii sawa na wa kushoto, na nimeona bafu zuri la gharama limejengwa kinyume chake.

Shatafu na kufalashi. Shatafu iwe ukutani mbele kidogo ya kikalio, kwenye mkono wake wenye nguvu, kama sentimita 60 kutoka sakafuni. Ikiwa nyuma ya tangi la choo, mtu anajipinda mpaka anapoteza balansi. Kitufe cha kufalashi cha juu katikati ya tangi nacho kina shida hiyohiyo, tafuta chenye mkono wa pembeni, upande ulio wazi.

Vyuma vya kujishikia. Kimo 84 mpaka 91, pembeni na nyuma ya choo. Welda wa mtaani anaweza kabisa: bomba la chuma la GI (lililopakwa zinki) la inchi 1, ambalo kwa nje linakuja kama milimita 33, kiganja kinalizunguka vizuri. Acha milimita 38 kati ya chuma na ukuta, pana zaidi mkono unaweza kuzama mpaka kiwiko. Kibebe uzito wa kilo 113 bila kucheza. Kwenye tofali bovu usitegemee plagi za plastiki, pitisha bolti mpaka upande wa pili wa ukuta uweke bati na nati.

Jaribu kwa kuning'inia wewe mwenyewe, uzito wote. Kikitoa hata vumbi, kirudiwe. Na cha kuanikia taulo kisiwe karibu hapo, maana akiteleza atashika chochote.

Kuoga. Michoro mingi ya mtandaoni inadhani kila mtu anaoga shawa. Sisi maji yanakatika, tunaoga kwa ndoo na kata, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 ambazo mtu aliyekaa hazinyanyui. Jenga benchi la zege lenye tailizi, kimo kilekile cha kalio lake. Pembeni yake, upande wa mkono wenye nguvu, jenga kistuli cha zege cha sentimita 30, ndoo inakaa hapo haihamishwi. Bomba limwage moja kwa moja ndani ya ndoo, mdomo wake uwe kama 80 kutoka sakafuni, maana ndoo yenyewe ina karibu 40 na inataka nafasi ya kata kupita. Koki iwe ya mkono mrefu ya kunyanyua au kugeuza robo. Za kusokota mkono wenye sabuni unateleza. Shawa ukiweka, iwe ya mpira wa kushika.

Beseni la kunawia lifungwe ukutani, usinunue lile la mguu, mguu unazuia vikanyagio. Ukingo wa juu usizidi 86, chini yake pabaki 69 wazi au zaidi. Kioo mwisho wake wa chini usizidi mita moja, na kiwe kirefu tu mpaka juu ili na wanaosimama wajione.

## Hatua ya 7: Jiko

Meza ya kawaida ni 90, yeye mpe 80 mpaka 85, na sehemu moja ya upana wa 80 iache wazi chini, bila kabati, magoti yaingie. Sinki lisizidi kina cha 15 la sivyo linakula nafasi ya magoti.

Jiko la gesi la mezani lina kimo chake, kwahiyo lipo 95 wakati wewe unaona meza ni 82. Lishushie kaunta yake, mdomo wa sufuria usipite kifua chake. Chagua plate mbili za kukaa pembeni kwa pembeni, asipitishe mkono juu ya moto kufuata sufuria ya nyuma. Sinki na jiko vikae kwenye mstari mmoja bila kuachana, sufuria ya maji isukumwe juu ya kaunta isibebwe mapajani. Nimeshaona mapaja yaliyoungua na mwenyewe hakusikia, kwasababu miguu haina hisia.

Mtungi usiwe nyuma ya kabati. Uwe ubavuni, valvu yake aifunge bila kuinama mbele ya moto. Soketi za jikoni usizipeleke ukuta wa nyuma ya kaunta, ziweke ukuta wa pembeni au usoni mwa kaunta. Mkono ukipita juu ya kaunta ya sentimita 60, uwezo wa kufika juu unashuka sana.

## Kama nyumba imeshajengwa

Usivunje yote. Swichi shusha kwa kile kijimfereji cha plastiki cha kupitishia waya juu ya ukuta. Mlango mwembamba kidogo, badilisha bawaba uweke zile za kuutoa mlango nje ya njia, unapata karibu unene wa mlango wenyewe. Choo kifupi, weka kikalio cha kunyanyulia ila kiwe cha kufungwa, sio cha kuwekewa tu. Mara nyingi hata hivyo dawa ni kuhamisha kochi.

## Hatua ya 8: Jaribio, kabla ya malipo ya mwisho

Rudisha vitu vyote vya kuishi ndani: makochi, mapazia, ndoo, pipa, viatu mlangoni. Nyumba tupu inadanganya.

Subiri jioni. Mwache aanzie nje peke yake, wewe usimguse. Afungue grili, awashe taa, aende chooni, anawe, achemshe chai, afungue dirisha, aende kitandani, azime taa. Kaa nyuma yake na tepu ya karatasi, na kila anapoita, anapojipinda au anaposhikilia ukuta, bandika kipande hapo hata kama amefanikiwa, maana kujipinda kwa leo ndo kuanguka kwa mwezi ujao.

Vikizidi vipande vitatu bafuni, fundi bado unamdai kazi na wewe hudaiwi hela. Tepu hizo usizibandue mpaka arudi aone mwenyewe.